Mizani Haisomi Mwaka

Mizani yangu haijui kusoma. Ukiiwekea riale iliyotoka kwenye kidani cha nyanya yako, itakwambia gramu 28 na nukta. Ukiiwekea kipande cha kikuku kilichovunjika cha uzito huo huo, itakwambia vile vile. Kwa sonara hiyo ni raha kubwa. Nimekaa na kazi hii Kisauni tangu ami yangu aniachie meza, tindikali na jiwe lake la kupimia, na ugomvi wa uzito siku zote huishia pale pale mezani, macho manne yakitazama namba moja. Ugomvi usiokwisha ni wa kile ambacho mizani haikioni: uzee wa sarafu na uchache wake. Mtu akilipa mara kumi ya fedha iliyomo kwa sababu tu sarafu ni adimu, amelipia nini? Na yule aliyezipokea, amepokea halali?

Wako wanaodhani swali hili ni la Wazungu wenye albamu za sarafu na miwani ya kukuzia. Waje wakae kibarazani kwangu wiki moja. Sarafu za kale za fedha ziko ng'ambo zote za Mombasa: katika makasha ya Mtongwe na Likoni, katika mikebe ya biskuti Changamwe, katika mafundo ya leso Jomvu na Bakarani. Nyingi hutoka mzee anapofariki, warithi wakakaa kugawana, mmoja wao akasema, twende kwa fundi tukajue tuna nini.

Inayoletwa zaidi ni riale ya Shamu, ile yenye bibi mnene aliyejitanda ushungi, begani ana bizimu ya lulu, na nyuma yake tai wa vichwa viwili. Bibi huyo ni Maria Theresa wa Austria. Mara moja moja huja riale ya mzinga, ya Kihispania, yenye nguzo mbili. Kisha rupia za Bara Hindi zilizotumika pwani hii mpaka zilipoondolewa, na shilingi ya simba iliyoanza 1921, ambayo robo yake tu ni fedha na baada ya 1946 haina fedha kabisa. Na kwa nadra sana hutokea rupia iliyoandikwa jina la mji wetu, MOMBASA, mwaka 1888, yenye jua lililovikwa taji: sarafu ya ile Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki iliyokodi pwani kwa Sultani wa Zanzibar. Ina gramu 11.66, sawa na rupia yoyote ya Bara Hindi ya zama zile. Mizani yangu huzipokea ndugu hizo mbili bila ubaguzi.

Riale ya Shamu ina kisa chake. Zote zimeandikwa 1780, mwaka aliofariki Maria Theresa, lakini chache mno zilipigwa mwaka huo. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Uhabeshi waliizoea sura ile wakakataa nyingine, basi Vienna ikaendelea kuipiga kwa tarehe ile ile, na mpaka leo inaipiga. Mwaka 1935 Italia ilichukua vyuma vya kupigia ikawa inazitoa Rome kwa ajili ya vita vyake vya Uhabeshi. Waingereza nao wakazipiga London, na baadaye Bombay. Kwa hiyo mzee akinijia akisema riale yake imetimiza karne mbili na ushei, huigeuza kwanza. Wajuzi huhesabu lulu za bizimu na manyoya ya mkia wa tai, ndipo waseme ilizaliwa wapi na lini. Huenda ni ya juzi tu, umri wa mama yake.

Je, hiyo ni sarafu ya uongo? Mimi husema mwaka wake si wa kweli ila uzito wake ni wa kweli. Gramu 28.07, na katika kila sehemu 1,000 sehemu 833 ni fedha, yaani gramu 23 na kidogo za fedha tupu, popote ilipopigwa. Ndiyo maana masonara wa zamani waliipenda: ukiyeyusha riale unajua utapata nini. Vikuku, mafurungu na vidani vingi vya mabibi zetu vilikuwa riale kabla havijawa pambo. Aliyetaka fedha hakudanganywa na tarehe ile hata kidogo. Anayeweza kudanganywa ni anayelipia tarehe.

Hapo ndipo kazi yangu na hamu ya mkusanyaji zinapopishana. Mimi hulipwa ili fedha ing'ae. Mkusanyaji akiona sarafu iliyosuguliwa kwa dawa ya meno hushika kichwa, maana ule weusi mwembamba uliotanda miaka mingi ndio anaoutaka, na ukishaondoka haurudi. Tundu nalo hivyo hivyo. Riale iliyotobolewa juu ya kichwa cha malkia ili ipitishwe uzi, yeye huiita mbovu akashusha bei. Mimi nikiiweka chini ya taa naona ukingo wa tundu umelainika, upande mmoja umeliwa kuliko mwingine, na najua shingo ya mtu ilitembea nayo miaka. Kwake ni ila. Kwa wajukuu, tundu lile ndilo linaloifanya riale iwe yao na si ya mtu mwingine. Mizani haina habari na yeyote kati yetu.

Sasa niingie kwenye sheria. Siku moja walikaa mbele yangu watu wawili, mmoja wa Bamburi, mwingine amevuka kutoka kisiwani. Wa Bamburi alikuwa na riale ya Sayyid Barghash, ile aliyoipiga kwa jina lake mwenyewe mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, na ambayo ni adimu kweli. Wa kisiwani alikuwa na riale nne za Shamu. Wamekubaliana nne kwa moja, wananitaka niwe shahidi. Nikawaambia, haifai. Mtume wetu (S.A.W.) ameamrisha fedha kwa fedha iende sawa kwa sawa, mkono kwa mkono, ukizidisha umeingia kwenye riba, hata kama hakuna mkopo wala siku ya kulipa.

"Fundi, hii si pesa tena," akasema wa Bamburi. "Kuna duka gani litaipokea? Hiki ni kitu cha kale."

Hoja yake ilikuwa na uzito. Lakini wanazuoni wetu wa Kishafii hawakuitazama fedha kama pesa ya dukani tu. Kwao hukumu iko kwenye fedha yenyewe, iwe sarafu, kikuku au kipande kisichofuliwa. Katika Muwatta ya Imamu Malik mna kisa cha Muawiya alipouza chombo cha kunywea cha dhahabu au fedha kwa zaidi ya uzito wake, na sahaba Abu Dardai akamkatalia waziwazi, ijapokuwa Muawiya alikuwa mtawala. Ufundi wa chombo haukumpa ruhusa. Uzee wa riale utampa nani?

Basi njia wanayoipenda wakusanyaji, ya kubadilishana adimu kwa adimu, imefungwa, lakini mlango mwingine uko wazi, na aliyeufungua ni Mtume mwenyewe kwa yule mtu wa Khaibar aliyebadilisha pishi mbili za tende duni kwa pishi moja ya tende nzuri. Alimwelekeza auze zile duni kwa dirhamu, kisha kwa dirhamu hizo anunue nzuri. Wale wawili wangu wakafanya hivyo hivyo. Wa kisiwani akanunua riale ya Barghash kwa shilingi za Kenya, simu ya mwenzake ikalia, pesa imeingia. Wa Bamburi akanunua riale nne kwa shilingi, simu ya pili ikalia. Wakacheka, wakisema nimewazungusha bure, mwisho wake ni ule ule.

Haukuwa ule ule. Waliposema "nne kwa moja", hakuna aliyelazimika kutamka bei. Ilipobidi kutaja shilingi, wa Bamburi aliuliza riale moja ya Shamu ina thamani gani leo, nikamtajia bei ya gramu. Kisha akauliza ya Barghash ina thamani gani, na wa kisiwani ndiye aliyekuwa na jibu, kwa kuwa yeye ndiye mfuatiliaji wa minada. Ikabidi alitoe. Namba ilipotoka, maafikiano ya awali yalivunjika yakafungwa upya, na wa Bamburi aliondoka na zaidi ya alichokuja akikitarajia. Tangu siku ile naiona hukumu hii kwa jicho jingine. Haikukataza uadimu kulipiwa. Imeukataza kujificha ndani ya uzito. Inautaka utoke nje, utajwe kwa kipimo ambacho pande zote mbili zinakijua.

Qurani yenyewe ina kisa cha sarafu ya kale. Vijana wa pangoni, As-habul Kahf, walipoamka usingizini walimtuma mmoja wao mjini na fedha zao akanunue chakula kilicho safi, wakimuusia awe mpole asijulikane. Wafasiri wanasimulia yaliyofuata sokoni: muuzaji akaigeuza sarafu, akaona chapa ya mfalme aliyekwisha kufa zamani, akadhani kijana ameokota hazina. Kijana aliyashikilia yale anayoyajua: hii ni pesa ya jana. Kwa mwenzake ilikuwa ya karne tatu nyuma. Fedha haikuongezeka hata punje kule pangoni. Kilichozidi ni umbali kati ya anachokijua mwenye sarafu na anachokijua anayeitazama.

Huo umbali ndio biashara yote ya sarafu za kale. Nalisema hili nikiwa ndani yake. Fedha si adimu. Migodi inaichimba kila siku. Hata riale ya 1780 si adimu, zimepigwa kwa mamia ya mamilioni. Faida nono hupatikana pale ambapo mmoja anajua na mwingine hajui, na kinachouzwa kwa bei ya chini ni ujinga wa mwenye mali.

Mama mmoja wa Mtongwe alinieleza jambo hili vizuri kuliko kitabu. Alivuka feri asubuhi, akapanda matatu mpaka kwangu, fundo la leso mkononi.

"Mwanangu, wamepita vijana wawili, wananunua fedha kuukuu nyumba kwa nyumba. Wana mizani yao. Wamenipimia mbele ya macho yangu, wameniambia watarudi alasiri na pesa. Nataka unipimie wewe."

Nikapima. Vikuku viwili, pete, rupia za Malkia Victoria, na katikati yake rupia moja ya Mombasa, 1888, herufi zake kali utadhani imetoka kiwandani jana.

"Walikupa uzito gani, mama?"

Akanitajia. Ulikuwa sawa mpaka kwenye nukta.

"Kwa hiyo ni watu wa haki?"

"Mizani yao ni ya haki."

"Na wao?"

Nikamwonyesha jina la Mombasa, nikamweleza kwamba hii moja watu hawainunui kwa gramu, na kwamba yeyote anayetembea nyumba kwa nyumba akinunua fedha anaijua. Akanyamaza kidogo. "Neno la uongo hawakusema," akasema. "Walinyamaza tu."

Uislamu una hukumu ya watu wa namna hii, ni vile tu tumezoea kuisoma tukifikiria ngamia. Mtume (S.A.W.) alikataza kuutokea msafara njiani ukanunua bidhaa kabla wenye mali hawajafika mjini wakajua bei, na aliyenunuliwa hivyo, akifika sokoni, ana hiari ya kuvunja mauzo. Tafakari ni nini kilichokatazwa hapo. Mnunuzi hakupunja kipimo, hakusema bidhaa ni mbovu, na muuzaji aliridhia. Kosa ni kumwahi kabla ya habari. Bi yule wa Mtongwe ni msafara uliotokewa mlangoni pake; soko lake liko mbali, kwenye minada ya London na Dubai, wala hatalifika maisha yake yote. Basi hiari yake ataitumia lini?

Wenzangu wa kazi wananijibu, na jibu lao si la kupuuza. Wanasema elimu ni jasho. Mtu amesoma, amenunua vitabu, amedanganywa kwa sarafu bandia zaidi ya mara moja, amejifunza kuhesabu lulu za Maria Theresa. Leo unataka amgawie kila mtu bure? Na wakizidi kunibana hunikumbusha kwamba katika madhehebu yetu, kupunjika bei peke yake, bila hila wala udanganyifu, hakuvunji mauzo. Mtu mzima ameuza kwa ridhaa yake. Kadhi hawezi kumrudishia.

Kweli, kadhi hawezi. Lakini kisa cha Jarir bin Abdillahi hakikusimuliwa kwa ajili ya makadhi. Imamu Nawawi amekitaja katika sherehe yake ya Sahihi Muslim. Mtumishi wa Jarir alimnunulia farasi kwa dirhamu 300, akaja na mwenye farasi ili alipwe. Jarir akamtazama mnyama, akamwambia mwenyewe: farasi wako anazidi 300, utaniuzia kwa 400? Kisha akamwambia anazidi 400. Akaendelea kupandisha mia baada ya mia, yeye mnunuzi, mpaka 800, akamnunua kwa bei hiyo. Alipoulizwa, alisema alimpa Mtume ahadi ya kumtakia mema kila Mwislamu. Mara nyingi huwaza sura ya yule muuzaji, akisubiri bei ishushwe, kumbe anayeipandisha ni mlipaji mwenyewe.

Jarir hakugawa ujuzi wake bure, na hapo wenzangu hukisoma kisa haraka. Alipata farasi aliyemtaka. Jicho lake la kujua farasi lilimfaidi: alijua amchukue yupi, amwache yupi. Alichokataa ni kulipwa kwa kutojua kwa mwingine. Mjuzi wa sarafu naye ana njia safi za kula jasho lake. Achukue ujira wa kutathmini, autaje mapema. Auze kwa niaba ya mwenyewe kwa fungu linalojulikana. Anunue kwa bei inayomwachia faida, lakini baada ya kusema sarafu ni nini. Faida itakuwa ndogo, nakubali. Ile sehemu iliyopungua ilikuwa ya bi wa Mtongwe tangu mwanzo.

Ujuzi huo tena si wa watu wawili mezani peke yao. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya 2006 inahesabu kitu chochote kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 kuwa cha kale, na kukitoa nje kunahitaji kibali. Rupia ya Mombasa imo ndani ya mstari huo kwa miaka saba. Mwenye kuifunga kwenye soksi akapanda nayo ndege amechukua na habari yetu. Wachimbuzi walipokuta hazina ya Mtambwe Mkuu kule Pemba, mwaka 1984, zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha pamoja na dinari za dhahabu, kubwa waliyoipata ilikuwa majina ya watawala waliokuwa wakipiga pesa zao wenyewe pwani hii yapata miaka elfu iliyopita. Zingeokotwa na mtu wa mizani, zingekuwa pete.

Na habari hiyo haiji nzuri tupu. Kutoka kwangu mpaka Kengeleni si mbali, pale penye mnara wa kengele wa Freretown, kijiji kilichoanzishwa 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Riale ndiyo iliyokuwa kipimo cha bei pwani hii: nguo kwa riale, pembe kwa riale, na mtu kwa riale. Siwezi kuitazama riale nikasema hii ilihesabiwa juu ya kichwa cha fulani. Siwezi pia kusema haikuhesabiwa. Chuma hakibebi dhambi, wala simwambii mtu atupe kidani cha nyanya yake. Lakini mkusanyaji akimsimulia mteja wake habari za mabaharia, karafuu na masultani, akaliruka hilo ili bei isiharibike, naye amefanya kama wale vijana wa Mtongwe. Amenyamaza penye faida.

Hata zakati inamuuliza mtu anajua nini. Kiwango cha fedha ni dirhamu 200, kama gramu 595. Kwa riale za Shamu ni 26, zikikaa mwaka mzima. Aliyezirithi akaziweka tu, hutoa kwa uzito wa fedha. Anayenunua ili auze hutoa kwa bei ya soko. Hapa mfanyabiashara hana pa kujificha: ukinunua kwa mizani na kuuza kwa historia, zakati yako iko upande wa historia. Wapo wanaotaka kuwa watu wa mizani mara mbili, mbele ya mjane na mbele ya Mola wao, na watu wa historia mara moja tu, mbele ya mteja tajiri.

Kwa hiyo kwangu utaratibu ni huu. Sarafu ikiletwa, nataja kwanza bei ya fedha iliyomo. Pili nataja ninachokijua kuhusu sarafu yenyewe, na kama kuna watu wanaoinunua kwa zaidi, nasema. Tatu ndipo nitaje bei yangu, kama nataka kununua. Vijana wa kazi wananiambia kwa mtindo huu biashara ya sarafu za kale itakufa ng'ambo hii. Huenda. Watu wataendelea kuuziana riale na rupia kama kawaida, kwa bei wanayoijua. Kitakachokufa ni ile tofauti iliyokuwa ikitolewa mikononi mwa wasiojua, na hiyo haikuwa mali ya yeyote kati yetu.